Viumbe adimu na nyumba zao

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja wengi hivi. Naanza moja kwa moja maana muda mfupi na wanyama ni wengi.

Mwaka 1799 mtaalamu mmoja wa Uingereza anaitwa George Shaw aliletewa ngozi kavu ya mnyama kutoka Australia, mnyama ana manyoya, mkia mpana, vidole vyenye utando kati kati, alafu mbele kabisa mdomo kama wa bata. Shaw akashuku kuna mtu kamshonea ule mdomo. Mnyama mwenyewe ndo kinyamadege, na Shaw bado hakuwa amejua mambo yake mengine, kwamba anataga mayai alafu watoto wakitoka ananyonyesha, tena hana chuchu, maziwa yanavuja tu kwenye ngozi, na dume ana mwiba wa sumu kwenye miguu ya nyuma.

Watu wengi wakimwona kinyamadege wanasema ni mchanganyiko wa wanyama watatu wanne, mi hilo nalikataa kabisa. Ule mdomo sio wa bata hata kidogo, ni laini na umejaa vihisio, akizama mtoni anafumba macho, anaziba masikio na pua, anawinda kwa kuhisi umeme mdogo sana unaotoka kwenye misuli ya vidudu waliojificha kwenye tope. Kila kitu kwake kina kazi pale chini ya mto usiku. Kwahiyo ukikutana na mnyama wa ajabu, swali la kwanza uliza anaishi wapi, maana ajabu yake yote imechongwa na mahali pale, na mahali penyewe pakiwa padogo ndo unakuta huyo mnyama pia ni adimu.

Twende mapangoni sasa. Slovenia, Kroatia, Bosnia, huko chini ya ardhi kuna miamba ya chokaa iliyotobolewa na maji kwa muda mrefu sana mpaka ikawa mapango yenye mito inayopita chini kwa chini, giza totoro, baridi, chakula cha kubahatisha. Humo anaishi olmi, ndugu wa salamanda, yani jamii inayokaribiana na vyura ila umbo kama mjusi, mwembamba mrefu, amepauka mpaka anaelekea pinki, matamvua mekundu yamechomoza nje pembeni mwa shingo. Zamani mafuriko yakimtoa nje watu wa kule walisema ni mtoto wa joka. Akitotolewa anakuwa na macho, alafu ngozi inakuja kuyafunika taratibu, kwasababu gizani macho ni gharama ya bure. Anaweza kukaa miaka mingi bila kula. Kuna watafiti walikuwa wanapiga mbizi kwenye mapango ya Bosnia, wakawawekea alama, matokeo yakatoka mwaka 2020: mmoja walimkuta pale pale alipokuwa baada ya siku 2,569. Yani miaka 7 hajasogea! Msimwite mvivu tafadhali, kila hatua inakula nguvu na yeye nguvu anazipata kwa nadra mno, ndo maana hata kuzaliana ni kama mara moja kwa miaka 12 na nusu, na inakadiriwa anaweza kufika miaka 100.

Ila fikirieni upande wa pili, mtu akimwaga mbolea au dawa za shambani huko juu, mvua inazishusha kwenye nyufa za mwamba mpaka kwenye maji ya olmi, na olmi hana pa kuhamia.

Wa pili mwenye maisha ya polepole hivyo hivyo ni samaki anaitwa silikanti. Stori ya mwaka 1938 wengi mnaijua, Desemba, meli ya uvuvi Afrika Kusini, mlezi wa makumbusho ya mji wa East London, Marjorie Courtenay-Latimer, anaona samaki wa bluu kwenye rundo la samaki na anagoma kumwacha, baadae profesa J.L.B. Smith anathibitisha ni wa kundi ambalo wasomi walidhani liliisha miaka kama milioni 66 iliyopita. Sawa. Mi napenda zaidi kipande cha 1952. Smith alisambaza vikaratasi vyenye picha ya samaki, atakayempata anapewa pauni 100, na wa pili akapatikana Komoro, na kule wavuvi walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombesa, wanamkuta kwenye ndoano wakivua usiku maji ya kina kirefu, wala hawakumthamini sana kwa chakula. Hili naomba tulishike, maana kila tunaposoma "mnyama mpya kagunduliwa" mara nyingi kuna watu wana jina lake tayari na wanajua anapolala.

Tena Komoro sio peke yake, mwaka 1997 aina ya pili ilionekana sokoni Indonesia, na pwani ya Tanga wameshanaswa wengi kwenye nyavu za kina kirefu. Anashinda mapangoni chini huko, mita mia na kuendelea, mapezi yake yana nyama kama viungo na anayapeleka kwa zamu, la kulia na la kushoto, karibu utasema anatembea. Utafiti wa 2021 uliohesabu miviringo kwenye magamba yake ulisema anafika miaka 100 hivi, jike linapevuka kwenye miaka ya hamsini, na mimba inachukua miaka 5. Mitano! Ukimnasa jike mmoja umetoa kitu ambacho bahari imekitengeneza kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa nije kwa huyu ambaye kila nikimwongelea naumia, chura wa Kihansi. Mto Kihansi uko milima ya Udzungwa, Tanzania, unaanguka mamia ya mita kwenye korongo, na zamani maji yalipokuwa yanapiga miamba yalikuwa yanatoa rasharasha muda wote, mchana na usiku, masika na kiangazi, mpaka pale chini pakawa na majani na kuvumwani zisizokauka hata siku moja. Eneo lote lenye rasharasha lilikuwa kama hekta 2. Humo, na kokote kwingine duniani hakuna, aliishi chura wa rangi ya dhahabu, hafiki hata sentimita 3, asiyetaga mayai, anazaa vitoto kamili vidogo kiasi kwamba kimoja kinatosha kwenye kucha ya mtu.

Watafiti walikutana naye 1996 wakati mradi wa umeme umeshaanza. Mwaka 2000 mtambo unafanya kazi, maji mengi yameelekezwa kwenye handaki, na rasharasha ikapotea. Hapo hapo vyura 499 wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, na korongoni wakafunga mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga maporomoko. Kwa muda ilionekana inasaidia, alafu 2003 wakaanza kufa kwa kasi, ukagundulika pia ule ugonjwa wa fangasi unaoua vyura sehemu nyingi duniani, na mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Mi sina ugomvi na umeme, watu wanauhitaji na hilo siwezi kulibishia, ninacholia nacho ni kwamba hekta 2 zilijulikana zina nani ndani wakati uamuzi umeshapita.

Lakini hawakuisha. Huko walikopelekwa ilikuwa kazi ngumu mno, ukikosea mwanga wanaumwa, ukikosea maji wanakufa, chakula chao ni vidudu ambavyo kuviona tu shida, idadi ikashuka mpaka watu wakaogopa, kisha wakajifunza, vyura wakaanza kuzaa, wengine wakarudishwa Dar es Salaam na mwaka 2012 wakaachiwa tena kwenye korongo lao chini ya mabomba. Sehemu ndogo kuliko mashamba mengi, na sasa inategemea binadamu afungue maji.

Wa mwisho ni mdudu, msinune. Kisiwa cha Lord Howe mashariki ya Australia kilikuwa na mdudu jamii ya wale wanaofanana na kijiti, ila huyu mnene, mweusi, hana mabawa, urefu kama kiganja cha mtu mzima. Mwaka 1918 meli inaitwa Makambo ilikwama kisiwani, panya wakashuka, miaka michache tu mdudu haonekani tena, akahesabiwa amekwisha. Kilometa 23 kutoka hapo kuna jabali limesimama lenyewe baharini, Ball's Pyramid, mita zaidi ya 500 kwenda juu, karibu lote mwamba mtupu. Wapanda miamba walishawahi kuona mizoga ya wadudu kule. Basi 2001 wanasayansi wakapanda, mchana wakakuta kinyesi tu chini ya kichaka, wakarudi usiku na tochi kwasababu huyu ni mdudu wa usiku, na wakawakuta. Walihesabu 24. Aina nzima ya kiumbe, kwa kadiri ilivyojulikana, ilikuwa inaning'inia kwenye vichaka vichache juu ya jiwe katikati ya bahari.

Mwaka 2003 wakaruhusiwa kuchukua jozi mbili tu. Jozi moja haikudumu, ya pili ikapelekwa bustani ya wanyama Melbourne, jike akaugua karibu afe, mtunzaji akawa anamdondoshea lishe mdomoni tone kwa tone mpaka akapona na kutaga. Kutoka kwake wamepatikana maelfu. Na mwaka 2019 Lord Howe ikafanyika operesheni kubwa ya kuwamaliza panya, ili siku moja mdudu arudi kwenye miti ya kisiwa chake.

Naishia hapo, nani ana swali?