Nganda, malewa na hoteli za Goma wakati wa Korona: msaada ulimfikia nani?

Jambo yenu wote. Nawashukuru wenye hoteli mliokuja, na bamama wa malewa, vibanda vyetu vya chakula, mlioacha masufuria mikononi mwa watoto ili muwe hapa mchana huu.

Tarehe 18 Machi 2020, siku nane baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kinshasa, Rais Tshisekedi wa Kongo aliamuru nganda, yaani baa, na mikahawa zifungwe. Siku sita baadaye ikafuata hali ya dharura. Ruhusa ya kufungua tena ilipatikana tarehe 22 Julai. Miezi minne, basi.

Muuza vitenge akifunga miezi minne, vitenge vyake vinamngoja kabatini. Sisi tunauza siku yenyewe. Chumba ambacho hakikulala mgeni jana hakiuzwi mara mbili leo. Samaki wadogo wa sambaza waliovuliwa ziwani alfajiri wasipoliwa saa sita, wameoza. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Julai biashara "iliendelea pale ilipoachwa", namwuliza: ile Aprili ilikwenda wapi?

Goma ilikuwa na mzigo wa ziada. Hifadhi ya Virunga ilifungia watalii Machi ileile, na ilikuwa sawa kufanya hivyo, maana sokwe wa milimani huambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Lakini watalii wale walilala mjini kwetu kabla ya kupanda volkano ya Nyiragongo, wakala kwetu, wakapanda magari ya vijana wetu. Kisha mpaka na Rwanda ukafungwa. Mnaijua Petite Barrière, kivuko cha mpakani: kabla ya Korona, makumi ya maelfu ya watu walivuka pale kwa miguu kila siku. Dada yangu mkubwa ana malewa mtaa wa Birere, si mbali na hapo. Wateja wake walikuwa hao hao, mwenye kitunguu, mwenye nyanya, mbeba mizigo. Alikuwa akisonga bugali mara tatu kwa siku. Wiki ya mwisho ya Machi alisonga mara moja, akala na wanawe.

Na tulipofungua, Desemba ikaleta amri ya kutotembea usiku, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwenye nganda anaelewa maana yake. Mteja hutoka kazini saa kumi na moja, hupita nyumbani, hufika kwako saa moja na nusu. Mbuzi anaiva saa mbili. Saa mbili na nusu mteja anaangalia saa, anaomba afungiwe nyama aende nayo. Bia ya pili hainunuliwi, na faida ya nganda iko kwenye bia ya pili.

Sasa, serikali ilifanya nini? Tuseme haki: haikukaa kimya. Ilitangaza miezi miwili ya maji na umeme bila malipo. Ilisimamisha TVA, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye bidhaa za lazima. Ilianzisha mfuko wa taifa wa mshikamano dhidi ya Korona. Lakini tazameni msaada huo ulipitia wapi. Umeme wa bure humfikia mwenye mita. Dada yangu anapikia makaa. Maji ya bure humfikia mwenye bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali. Yeye hununua kwa bidoni. TVA hutazamwa na mwenye kitabu cha hesabu na faktura. Kila msaada ulipitia mfereji ambao yeye hajawahi kuunganishwa nao.

Ng'ambo tu ya barabara, Rwanda ilianzisha mfuko wa kufufua uchumi mwaka huohuo, faranga bilioni 100, na nusu ikatengwa kwa hoteli, hasa kupunguza uzito wa mikopo ya benki. Uingereza ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyebaki nyumbani, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Sizitaji ili tuone wivu. Uingereza ni tajiri, hilo linajulikana. Ninachotaka mkione ni daftari: mhudumu wa London alilipwa kwa sababu jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya mishahara inayoonwa na mtoza kodi. Hata hoteli ya Gisenyi, upande wa Rwanda, ilisaidiwa kwa sababu ilikuwa na mkopo ulioandikwa. Mhudumu wa nganda ya Goma ameandikwa wapi?

Hapa ndipo ninapokasirika, na mnisamehe. Huwa tunaambiwa kwamba malewa haziwezi kusaidiwa kwa sababu hazijulikani. Agosti 2020, wiki chache baada ya kufungua, mtu wa kodi alifika kwa dada yangu kudai patente, kodi ya leseni ya biashara ndogo. Hakupotea njia. Hakuuliza jirani. Alijua mlango, alijua jina, alijua hata kwamba viti vimepungua. Basi anajulikana! Risiti ya patente ni ushahidi kwamba serikali imekuona. Iwe pia ushahidi wa kudai.

Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka, na siku chache baadaye sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Kwa mara nyingine meza zikabaki tupu, na wengi wenu mlisimama tena kwa pesa za likelemba, ule mchango wa kupokezana zamu, si za mfuko wowote. Daftari za likelemba zina majina, zina tarehe, zina nani alitoa na nani alipokea. Ndiyo maana napendekeza shirikisho letu la wenye mikahawa lifungue milango kwa malewa pia, likusanye nakala za patente na za daftari hizo, mtaa kwa mtaa, na lizipeleke mkoani kabla maafa mengine hayajafika, zikapokelewe kwa mhuri. Kazi hiyo ni ya miezi, na inahitaji watu wa kuandika. Wanafunzi wa shule ya hoteli mlioko nyuma, nawatazama ninyi.

Nimemaliza yangu. Maswali tuanze na bamama wa Birere.