Baridi Ina Kazi Mbili: Usingizi wa Mtini wa Chunguni

Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo niruhusuni niingie moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumze juu ya mitini ya vyunguni inayoamka kabla ya wakati wake. Nilipoiona mada hiyo kwenye mwaliko nilimpigia mwenyekiti nikamuuliza kama amekosea mji, maana hapa Nairobi mtini haupati hata baridi ya kuulaza, sembuse kuuamsha mapema. Akaniambia: nusu ya watakaokuja wana ndugu Toronto, Minnesota au Leeds, na hao ndio wenye mitini inayoamka. Nyinyi hutumiwa picha kwenye WhatsApp, mkaulizwa, "Wewe unayejua mambo ya mimea, nifanyeje?" Nusu ya pili mmetazama video za watu wa huko, kisha mkaenda kufungia ndoo zenu za mitini stoo. Nitazungumza na wote, lakini nitaanza na wa mbali, kwa sababu bila kuelewa ya kwao, ya kwetu hayatafahamika.

Mtini ninaousema ni huu wa tini za kula, Ficus carica kwa jina la wataalamu. Mkuyu na mugumo ni ndugu zake wa ukoo, lakini leo hawamo. Huu asili yake ni Asia Magharibi na pande za Mediterania, ambako kiangazi ni kirefu na kikavu, na baridi huja ila haikai sana. Hilo la baridi isiyokaa sana lishikeni, ndilo litakalotupa jibu.

Huko kwenye majira manne, kufikia Oktoba mchana unapungua na usiku unakuwa wa baridi. Majani ya mtini yanageuka manjano na kudondoka. Chakula kilichokuwa kwenye majani kinarudishwa kwenye mbao na mizizi, na ncha ya kila tawi inabaki na tumba lililofungwa, kali kama ncha ya penseli. Mti uliolala hivyo sawasawa unaweza kuvumilia hata nyuzi 10 chini ya sufuri. Jani changa la mti huohuo, likishatoka, hufa baridi ikishuka kidogo tu chini ya sufuri. Mti ni mmoja, lakini kati ya hali hizo mbili kuna tofauti ya kufa na kupona.

Kwa nini basi watu huubeba na kuuingiza ndani? Ni kwa sababu ya chungu. Mizizi iliyo ardhini imefunikwa na dunia nzima. Mizizi ya chunguni inapigwa na baridi pande zote, na mizizi haina ustahimilivu wa matawi. Kwa hiyo ndugu zenu huuweka gereji, au chumba cha chini ya nyumba, au kibanda cha bustani, wakingoja Mei. Halafu Februari wanafungua mlango na kukuta majani.

Sasa hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani mti hulala kwa sababu ya baridi na huamka kwa sababu ya joto, basi. Mwaka 1920, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyeitwa Frederick Coville alichapisha majaribio aliyofanya kwa vichaka vya bluberi. Aliviweka vingine ndani ya nyumba ya kioo yenye joto msimu wote wa baridi, vikiwa na maji na mwanga wa kutosha. Mtu angetarajia vitachipua kwa furaha. Havikuchipua. Vilikaa vitupu, huku wenzao walioachwa nje kwenye baridi walipopewa joto wakatoa majani na maua. Kisha kuna jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote: kichaka kilikuwa ndani kwenye joto, lakini tawi lake moja likapitishwa kwenye tundu la kioo likakaa nje. Majira ya kuchipua yalipofika, tawi lile la nje likatoa majani, na kichaka kilichobaki ndani, kwenye shina lilelile na mizizi ileile, kikaendelea kulala.

Maana yake ni nini? Baridi ndiyo iliyolifungua lile tawi. Na lililofunguliwa ni tumba lenyewe, mizizi haikuhusika.

Kwa hiyo baridi ina kazi mbili, na hazifanyiki pamoja, moja huifuata nyingine. Ya kwanza ni kumaliza usingizi. Tumba likishalala, linahitaji saa kadhaa za baridi kabla ya kukubali kuamka. Bila hizo, joto lote la dunia halisaidii. Ya pili ni kuuzuia mti usiondoke baada ya usingizi kwisha. Ni kama mtu aliyekwisha lala vya kutosha, macho yakiwa wazi, ila amejifunika blanketi kwa sababu chumba kina baridi. Huyo hahitaji kuamshwa. Washa jiko tu, atatoka.

Sasa tazama hesabu. Watu wa matunda hupima baridi kwa saa zilizo chini ya nyuzi joto 7 hivi za Selsiasi. Matufaha mengi ya nchi za baridi hutaka saa 800 hadi 1,000. Mtini kwa kawaida hutajiwa saa 100 hadi 300, na aina nyingine huridhika na pungufu ya hapo. Wiki moja ina saa 168. Mtini uliokaa nje Toronto mwezi wa Novemba unaweza kuwa umemaliza deni lake lote kabla ya Krismasi! Mtofaa wa jirani bado umelala fofofo, lakini mtini uko macho chini ya blanketi, na Januari yote na Februari yote unashikiliwa na baridi peke yake.

Ndiyo maana mimi siafiki tunapoambiwa mti umeamka "mapema". Kwa hesabu zake umechelewa. Aliyeuachia ni mwenye gereji.

Gereji nyingi za huko zimeungana na nyumba, na ukuta mmoja unapokea joto la ndani. Februari inaweza kuleta siku nne au tano za jua. Chungu cha plastiki nyeusi kilicho karibu na dirisha kinapata moto, mizizi inaanza kuvuta maji, matumba yanavimba, ncha inageuka kijani. Na msidhani giza linazuia. Mtini hauhitaji mwanga ili kuamka. Ukiamka gizani hutoa vichipukizi virefu, vyeupe, dhaifu, vinavyotafuta jua ambalo halipo, na hivyo vyote vinajengwa kwa akiba ya mwaka jana. Huko Toronto baridi ya kugandisha inaweza kurudi hata mwanzoni mwa Mei. Kutoka Februari hadi hapo ni zaidi ya miezi miwili, na akiba ni ileile.

Basi ukiulizwa, jibu namna hii. Kwanza kipimajoto, na kiwekwe pale chungu kilipo, kwa kimo cha chungu. Kile cha ukutani kwenye kimo cha macho ya mtu kitawadanganya. Lengo ni kati ya sufuri na nyuzi 5. Chungu kikae sakafuni, kwenye pembe yenye baridi kuliko zote, mbali na dirisha na mbali na ukuta wa nyumba. Siku za joto mlango wa gereji ufungwe mchana, na usiku wenye baridi ya wastani ufunguliwe. Watu hufanya kinyume: wanafungua mchana "mti upate hewa", wanaingiza joto, kisha wanafunga usiku na kulihifadhi. Udongo usikauke kabisa, kwa maana udongo mkavu hupata joto upesi kuliko wenye unyevu, lakini maji yawe kidogo sana. Mti usio na majani haunywi, na mizizi iliyolowa kwenye baridi huoza.

Na ukishaamka? Hapo mtu achague njia moja aifuate. Kama ncha imeonyesha kijani tu, arudishe baridi, bila kufika kugandisha, apunguze mwendo. Kama majani yamekwisha kutoka, akubali kwamba mti umeamka: upewe dirisha lenye jua au taa, na siku zikiwa nzuri utolewe nje kivulini, jioni urudishwe. Ni kazi ya kubeba, na chungu cha lita 40 si mchezo. Mbolea isubiri. Kulisha mti ulio gizani ni kuongeza urefu wa vichipukizi vyeupe.

Mama pale nyuma ameuliza swali zuri: je, akivikata vichipukizi vyote, mti utarudi kulala? Hapana, mama. Tumba lililofunguka halifungiki tena, na ukikata ncha unayaamsha matumba yaliyo chini yake, maana ncha ndiyo iliyokuwa ikiyazuia. Kama vichipukizi ni virefu mno na vyeupe, avipunguze abakishe jani moja au mawili karibu na tawi, kisha avizoeshe mwanga taratibu kwa wiki moja au zaidi. Jua kali la ghafla nalo huviunguza kama baridi.

Hasara kubwa yenyewe si majani, hayo yatarudi. Mtini huzaa mara mbili: tini za kwanza hutoka kwenye mbao za mwaka jana, na za pili kwenye tawi jipya la mwaka huu. Uingereza, nje ya nyumba ya kioo, kiangazi ni kifupi na zile za pili mara nyingi haziwahi kuiva. Kinacholiwa ni vile vitini vidogo kama punje za njegere vilivyolala kwenye ncha za matawi msimu wote wa baridi. Jalidi ikipiga ncha hizo mwezi wa Aprili, mavuno ya mwaka yamekwenda.

Haya, tuje nyumbani.

Nairobi iko karibu na Ikweta, na mchana wetu hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Julai tunavaa makoti, lakini asubuhi za kawaida za Julai huwa kama nyuzi 11 au 12. Chini ya 7 ni nadra. Anayetaka jalidi aende Kinangop. Kwa hiyo ile hesabu ya saa za baridi hapa haifunguki kabisa, na mtini wenu, mradi uwe wa aina ya kawaida kama Brown Turkey, hauidai. Unazaa pia bila yule nyigu mdogo wa tini, mbeba chavua, anayehitajiwa na aina nyingine. Kwa hiyo aliyefungia ndoo ya mtini stoo kule mtaa wa Umoja kwa wiki sita ili "upate majira ya baridi" aliunyima jua tu. Nimeonyeshwa picha. Ulikuwa na vichipukizi vyeupe vilevile vya Toronto, bila hata theluji ya kusingizia.

Kwetu saa ya mti ni maji na mkasi. Kule Batu, Java Mashariki nchini Indonesia, wakulima wa matufaha hukosa baridi kama sisi. Wao hupukutisha majani kwa mkono baada ya kuvuna, na mti huchipua na kuzaa tena, mavuno mawili kwa mwaka. Wanaliwahi tumba kabla halijazama kwenye usingizi mzito. Mtini ni mwepisi zaidi: pogoa, mwagilia, utachipua, na kwa kuwa tini huja kwenye tawi jipya, kila unapopogoa unapanga tarehe ya mavuno.

Na hapa ndipo na sisi tunapouamsha mapema. Juni mtini umepoteza majani, kwa sababu ya wingu na kwa sababu ya kutu, ule ugonjwa wa madoa ya rangi ya udongo mwekundu chini ya jani unaopenda unyevu wa masika. Mtu anauona mtupu, anaingiwa na huruma, anaukata na kuumwagia mbolea. Unachipua kwenye kipupwe, majani yanakuwa madogo, kutu iliyobaki kwenye majani yaliyoanguka inapanda tena. Mimi ningeuacha mtupu. Okoteni majani yaliyoanguka myatoe, maji yawe kidogo, msubiri mwisho wa Agosti. Hapo ndipo pa kupogoa, jua la Septemba likirudi. Matawi yanakua, mvua za vuli zinasaidia, na mambo yakienda sawa tini zinaivia Januari na Februari, wakati wa ukavu. Tini inayoiva kwenye mvua hupasuka na kuchacha.

Swali la mwisho, kijana mwenye kofia: barafu juu ya udongo wa ndoo, itasaidia? Rudi kwa Coville na lile tawi lake. Tumba ndilo linalohesabu baridi. Ukiweka barafu kwenye mizizi unaitesa mizizi tu, na tumba liko juani. Lakini kama unataka kuhifadhi vipandikizi ulivyokata Agosti, vifunge kwenye gazeti lenye unyevu kidogo, uviweke kwenye mfuko ndani ya friji, chini kule kwa mboga, vitakaa wiki kadhaa bila kuchipua. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya baridi, na friji inaiweza.

Mtakapokata vaeni glavu na mikono mirefu. Utomvu ule mweupe wa mtini ukikauka kwenye ngozi kisha jua likaupiga, unatoa malengelenge, na alama hukaa muda mrefu. Kateni jioni, naweni kwa sabuni, na watoto msiwape matawi wachezee.