Timu ikijengwa upya, shabiki aombe ifungwe?

(Mazungumzo niliyoyatoa kwa mashabiki hapa Tanga, Ngamiani, baada ya Isha. Nimeyaandika kama nilivyoongea.)

Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni. Na nyie wadogo zangu mliojazana mlangoni ingieni bana, mkeka bado una nafasi, tusogeleane.

Naanza na kauli niliyoisikia juzi kwenye kahawa hapo barabara ya 12. Watu wanabishana kuhusu Coastal Union yetu kama kawaida, kijana mmoja kashika kikombe chake akasema, "Mi naombea tufungwe mechi zote zilizobaki, tushuke kabisa, tukajipange upya huko chini." Hakuna aliyemkemea, mzee mmoja akaitikia kabisa "bora iwe hivyo", na muuza kahawa akaendelea kumimina. Nimerudi nyumbani ile kauli imenikaa kifuani maana yule kijana namjua, sio mtu wa kuisema timu vibaya kwa raha zake, ni yule anayetoka Makorora kwa miguu mvua inanyesha aende uwanja wa Mkwakwani akakae jukwaa lisilo na paa. Sasa mtu kama huyo akifika mahali anaomba afungwe, kuna jambo, na ndo nimeomba nipewe hii jioni tuliongee.

Kwanza mjue wenzetu Marekani hii hoja wanaibishania kila mwaka na wao wana sababu ya maana kabisa. Kwenye ule mpira wao wa kubeba mikononi, ligi yao inaitwa NFL, ina timu 32 na hakuna kushuka daraja. Ukishika mkia unabaki pale pale, alafu juu yake unapewa zawadi. Kila mwaka wachezaji bora wanaotoka vyuo vikuu wanagawiwa kwa zamu, wenyewe wanaita drafti (sio hii yetu ya vizibo vya soda barazani), na timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndo inachagua ya kwanza. Utaratibu huo upo tangu 1936, lengo lake matajiri wasiwe wanachukua wachezaji wote wazuri. Kwahiyo ukiwa shabiki wa timu mbovu, imebaki mechi mbili, ubingwa haupo, na kuna kijana mmoja chuoni anarusha mpira kama amezaliwa nao, utafanyaje? Utaanza kupiga hesabu. Tukishinda leo tunamkosa, tukifungwa tunampata.

Na naomba niwe mkweli, kuna siku hiyo hesabu inatoka sawasawa na inauma. Mwaka 2020 kuna timu ya New York inaitwa Jets ilifungwa mechi 13 za mwanzo, zote. Watu wao wakawa wameshamhesabia kijana mmoja Trevor Lawrence kuwa wa kwao, yule mrushaji, nafasi ambayo kwao ndo ubongo wa timu. Tarehe 20 Desemba Jets wakaenda kucheza na Rams wakashinda 23 kwa 20, mechi iliyofuata wakashinda tena, Jacksonville wakamaliza chini yao na Lawrence akaenda Jacksonville. Jets wakamchukua kijana mwingine, Zach Wilson, hakuwafaa, miaka mitatu baadae wakamwachia aende Denver. Kwahiyo mtu akikwambia "ushindi ule ulitucost", usimwone chizi, ana ushahidi mkononi.

Lakini msiishie hapo. Miaka miwili baadae, tarehe 8 Januari 2023, Houston Texans wanacheza mechi ya mwisho ya msimu na wakifungwa tu wanachagua wa kwanza. Wako nyuma, dakika ya mwisho, nafasi ya mwisho ya kushambulia, mpira ukarushwa mbali mtu akadaka ndani ya eneo la kufungia, alafu badala ya kutafuta sare wakaenda kutafuta pointi mbili za ushindi wakazipata, 32 kwa 31. Kocha wao alifukuzwa usiku ule ule. Wakashuka hadi nafasi ya pili ya kuchagua, kuna mashabiki walilia kabisa. Ile nafasi ya kwanza ikaenda kwa Chicago, nao wakaiuza kwa Carolina, Carolina wakatoa mali nyingi kumpata Bryce Young, na msimu uliofuata Carolina wakashinda mechi 2 wakafungwa 15. Houston na nafasi yao ya pili wakamchukua C.J. Stroud, akawa mchezaji chipukizi bora wa upande wa kushambulia mwaka ule ule, timu ikaongoza kundi lake. Walioshangilia ushindi na walioulilia, hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua haya usiku ule. Na mtu mnayemjua nyote hata kama hamfuatilii, Tom Brady, mrushaji anayehesabiwa bora kuliko wote kwao, mwaka 2000 alichaguliwa wa 199. Hakuna timu iliyofungwa mechi hata moja kwa ajili ya kumpata yule.

Sasa turudi Tanga. Hapa ukishika mkia nani anakupa mchezaji? Hapa ligi ina timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaenda kwenye mchujo kutetemeka. Basi. Hakuna atakayekuletea kijana bora wa nchi akakwambia huyu wako kwasababu umefungwa sana. Kijana bora wa nchi anaenda Yanga, anaenda Simba, anaenda Azam. Ukifungwa unapata kufungwa.

Na hili "tushuke tukajipange" sisi watu wa Tanga tumeshalionja kuliko mkoa wowote. Msimu wa 2015/16 zimeshuka timu tatu, na zote tatu zetu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Mkoa mzima kwa mkupuo mmoja. Mimi nakumbuka mwaka ule kulikuwa na watu wanasema haya haya ya barabara ya 12, heri tushuke, tutasafisha, tutarudi na nguvu. Coastal ilikaa huko chini misimu miwili, ikarudi Ligi Kuu 2018/19, tena kwa jasho. Na Sports, Wana Kimanumanu, timu ya 1936, kongwe kuliko Coastal yenyewe ya 1948, imesota huko chini miaka yote hii. Wale watoto waliozaliwa mwaka ule wanaenda shule sasa hivi hawajawahi kuona derby ya Tanga kwenye Ligi Kuu. Mnaelewa hiyo ni hasara ya namna gani? Mjini hapa derby ilikuwa inagawa nyumba, baba Coastal mama Sports, siku hiyo hata chakula kinachelewa.

Huko chini hakujipangi mtu. Ukishuka mkataba wa mchezaji mzuri unavunjika, mdhamini anapotea, kiingilio kinashuka, kocha anaondoka, unabaki na wale waliokosa pa kwenda na vijana wanaosafirishwa kwa basi usiku kucha kwenda kucheza saa nane mchana kwenye uwanja hauna nyasi.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe kilichonitoa nyumbani. Haya mengine ni hesabu na hesabu inaweza kubishaniwa.

Nilikuwa nafundisha timu ya mtaa, jina naliacha. Wakubwa waliondoka wote tukabaki na vijana wa miaka 17, 18, tukasema sawa, tunajenga upya. Uongozi wa timu ulikuwa haupendwi, watu walichanga hela za jezi na jezi hazikuonekana. Chini kwa chini mashabiki wetu wakakubaliana kwamba tukipigwa mechi tatu mfululizo uongozi utaachia. Mimi sikuambiwa. Mechi ya pili tuko uwanja wa vumbi, kipindi cha pili kipa wetu yuko goli lile waliposimama watu wetu wenyewe. Krosi ikaja, kijana akaruka akaupangua kwa ngumi vizuri kabisa, mpira ukamkuta straika wao miguuni, akapiga, wavuni. Nyuma ya goli nikasikia makofi. Nikadhani wageni wamehama upande. Kipa hakwenda kuokota mpira, aligeuka akatazama nyuma ya wavu, akasimama vile muda mrefu, na aliyekuwa anapiga makofi pale mbele kabisa alikuwa mjomba wake. Mjomba yule yule aliyemnunulia glavu. Kijana akavua glavu moja, akaitazama, akaivaa tena. Tulifungwa 4.

Uongozi ukaachia kweli, baada ya wiki mbili tu, waliopanga wakapata walichokitaka na nakiri ule uongozi ulistahili kuondoka. Msimu mpya tukaita vijana mazoezini, kipa hakuja. Nikaenda kwao. Mama yake akanikaribisha, akanipa maji, kijana akatoka chumbani, "shikamoo kocha", akakaa. Nikamuuliza mbona huji mwanangu, una kipaji. Akainama akasema, "Kocha, mi siku ile sijui nilitakiwa nidake au niachie."

Sikuwa na la kumjibu na sikulipata hata njiani narudi.

Ndo maana wakati watu wanaongea timu inajengwa, mi nauliza inajengwa kwa kitu gani? Si kwa hawa vijana? Kijana wa miaka 18 unamfundisha kukaa kwenye mstari, unamfundisha asikate tamaa dakika ya 85 akiwa nyuma bao 2, hicho ndo kitu chenyewe unachojenga. Alafu wewe unayemlipia kiingilio unaomba asiwe nacho. Ukitaka kuona timu inavyojengwa angalia Coastal baada ya kurudi. Bakari Mwamnyeto amecheza hapa kila mechi kama fainali, ndo Yanga wakamuona wakamchukua 2020, na baadae akawa nahodha wao. Abdul Suleiman Sopu, fainali ya kombe tarehe 2 Julai 2022 pale Arusha dhidi ya Yanga, kafunga mabao matatu peke yake, 3 kwa 3, tukafungwa kwa penati. Tulifungwa jamani! Na watu walirudi Tanga kifua mbele. Msimu wa 2023/24 timu ikamaliza ya 4 ikaenda kucheza Afrika, ikatolewa na Waangola mapema, haya, lakini ilifika, na haikufika kwa kuomba ipoteze.

Nisieleweke vibaya. Kukubali kufungwa ni jambo lingine kabisa na hilo nalikubali mia kwa mia. Kocha akimuacha mkongwe benchi akampanga beki wa miaka 19, na mimi nikiwa jukwaani najua kabisa leo huyu mtoto atapitwa mara tatu na tutaadhibiwa, nitakaa, nitavumilia, na akiokoa mpira mmoja nitasimama nimpigie makofi kama kafunga. Shabiki wa timu inayojengwa anakula sare za 0-0 miezi mitatu na bado anakuja. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuomba kufungwa, maana ukiomba kufungwa kila matokeo mabaya yanakufurahisha, huumii tena, na nadhani wengi wanakimbilia huko kwasababu wamechoka kuumia. Nawaelewa. Toka 1988 mpaka leo bila ubingwa ni miaka mingi, kuna watu humu ndani walimuona Coastal bingwa wakiwa wanafunzi na sasa wana wajukuu.

Na yule anayesema mi naomba tufungwe ili viongozi waondoke, ndugu yangu, hizi klabu zetu zina wanachama. Kadi unayo? Umelipia ada? Mkutano mkuu ukiitishwa unakuja au unasikia matokeo kwenye kahawa? Simama kwenye mkutano uliza mapato na matumizi, uliza hela ya usajili imeenda wapi, uliza kwa jina, sauti ya juu, waandikwe kwenye kumbukumbu. Kiongozi anaondolewa kwa kura. Ukimuondoa kwa kupigwa bao 4, anayelipa ni kipa. Na wale wa "tuachie mechi hii ili fulani asiwe bingwa" sina maneno mengi nao, hapo mlango wa pili ni kupanga matokeo na huko kuna sheria na kufungiwa.

Nimeongea sana, maji yameisha kwenye chupa. Yule kijana wa barabara ya 12 nimemuona, amekaa pale nyuma karibu na dirisha, ananiangalia toka mwanzo na najua ana la kunijibu. Mpeni maiki yeye kwanza.