Kupaka rangi askari wa KAR na kuongeza kikosi, rangi zisitofautiane

Haya, karibuni tena ndugu zangu. Nipo barazani kwangu hapa Jinja, saa nne asubuhi, na mezani nina askari wa kuchezea kumi na wawili wapya wa King's African Rifles (KAR), lile jeshi la wakoloni Waingereza huku Afrika Mashariki, kimo cha milimita 28. Wenzao ishirini wamelala kwenye lile sanduku la viatu. Leo tunawaunganisha. Nataka ukiwapanga mezani usitambue yupi wa zamani na yupi wa leo.

Kukata na kubandika mnajua. Mshono wa kalibu ukwangue kwa mgongo wa kisu, waoshe kwa sabuni ya vyombo, wakauke. Twende.

Sasa praima, yaani rangi ya kwanza ya kopo la kupuliza, ya kushikia zile nyingine. Hapa tulia kabisa. Kabla hujagusa kopo, toka nje utazame mbingu. Sisi tuko na ziwa hapa, hewa ina maji hata siku ya jua. Mwaka jana nilipuliza mawingu yakiwa yameshafunga, nikajiambia nitawahi. Askari wanane walitoka na ukungu mweupe, ukipapasa kama unga wa muhogo. Ukipaka kaki juu yake, chembe zote zinatokeza. Niliwaloweka kwenye Dettol usiku kucha ili rangi itoke, nikawasugua kwa mswaki mmoja mmoja, na vidole vikanuka wiki nzima. Mawingu yakifunga, usipulize.

Tikisa kopo dakika mbili kamili. Shika mbali, shibiri moja na kidogo, kama sentimita 25. Anza kupuliza pembeni ya askari, mpitie, achia ukishamvuka. Pita nyepesi, ngoja, pita tena. Sita wa kwanza hao...

Subiri. Mpwa wangu, geuza simu uwaonyeshe kule ziwani. Mmeona? Kumekuwa kweusi. Basi, hawa sita waliobaki hawapulizwi. Narudia: hawapulizwi, hata kama kopo liko mkononi na limeshatikiswa. Naingiza wote ndani.

Nusu saa imepita, tuko dirishani. Sogeza simu karibu. Huyu laini, huyu laini... huyu begani ana ukungu kidogo. Huo ni mdogo, nausugua kwa brashi kavu ya nywele laini, unatoka. Ungekuwa usoni ningemrudisha kwenye Dettol. Na kama kwenu ni Aprili, mvua haikomi, nunua praima ya kupaka kwa brashi, uache kupigana na mbingu.

Kaki. Hili daftari ndilo siri ya kuongeza jeshi. Nimeandika: matone manne ya kahawia ya mchanga, mawili ya manjano iliyofifia, moja la kijani cha zeituni, matatu ya maji. Ukichanganya kwa kukisia, utakuwa na vikosi viwili visivyojuana. Na usilinganishe rangi ikiwa mbichi! Akriliki ikikauka inakolea. Paka mstari kwenye karatasi, ukauke, ndipo uuweke kando ya askari wa zamani. Kisha paka mikono miwili ya rangi, myembamba, mnene mmoja hapana.

Mkono wa kwanza ukikauka, niwaambie kwa nini nawapenda hawa. KAR iliundwa mwaka 1902, na batalioni ya nne ilikuwa ya Uganda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 walikuwa na batalioni tatu tu, na kufikia 1918 zilikuwa 22. Na Kiswahili kilikuwa lugha yao kubwa ya kuelewana. Kwa hiyo kikosi chako kikikua mezani, kinafuata historia yenyewe. Wengi walitembea pekupeku, wamezungushia muundi vitambaa tu, kwa hiyo miguu usiipake rangi ya buti. Paka ngozi.

Na ngozi, jamani, ndipo ninapopapenda zaidi. Zile chupa zilizoandikwa "ngozi" nyingi ni za waridi, weka kando. Nyosha mkono wako mwenyewe hapa kwenye mwanga. Tazama vifundo vya vidole, kisha katikati ya vidole. Kuna kahawia iliyoiva chini, na juu kuna wekundu kidogo. Basi anza na kahawia nzito, usichanganye nyeusi, nyeusi inaua uso. Ongeza tone la kahawia nyekundu, gusa mfupa wa shavu, ncha ya pua, vifundo. Mguso tu. Ona... ameamka huyu! Macho mimi sipaki, kwa kimo hiki kivuli cha paji kinatosha.

Kanzi, yaani rangi ya kivuli iliyozimuliwa kwa maji, ipite kwenye mikunjo, ikauke. Kisha brashi karibu kavu, yenye rangi kidogo tu, juu ya mikunjo, basi.

Kitako: gundi nyeupe ya mbao, halafu murramu yetu, ile nyekundu ya barabarani. Ichunge kwa kichungio cha chai, na kwanza ikaange kwenye sufuria kavu, maana yenye unyevu huota ukungu chini ya gundi. Ninazo pakiti zilizokwisha kukaangwa, pamoja na vitako vya mbao. Ukitaka, andika chini ya video.

Fungua sanduku la viatu. Wa zamani huyu, wa leo huyu. Wachanganye, mpwa wangu. Haya, nionyeshe wa leo. Hapana, huyo wa mwaka juzi!

Mvua imefika, bati linalia, nadhani hamnisikii tena. Wale sita kesho, jua likitoka.