Ndani ya Jengo la Capitol: Usimame Wapi, Useme Nini

Mabibi na mabwana, waongoza wageni wenzetu, karibuni. Leo tunazungumzia ziara ya historia katika Capitol, jengo la Bunge la Marekani mjini Washington. Tumelichagua kwa sababu matatizo yote ya kazi hii yanakutana pale: makundi mengi kwa wakati mmoja, kumbi zenye mwangwi, na simulizi tamu zisizo na ushahidi.

Ziara huanzia Kituo cha Wageni, kilichojengwa chini ya ardhi upande wa mashariki na kufunguliwa tarehe 2 Desemba 2008. Wageni huonyeshwa kwanza filamu fupi. Ikiisha, usirudie ilichokwisha kusema. Wapeleke moja kwa moja Emancipation Hall, ukumbi mkuu wa Kituo hicho, kwenye umbo la plasta la Sanamu ya Uhuru (Statue of Freedom, si ile ya New York). Sanamu yenyewe ya shaba, yenye urefu wa karibu mita 6, iko juu kabisa ya kuba, na mtu aliye chini haoni hata uso wake. Basi habari zake zielezwe hapa, mgeni akiwa hatua chache tu kutoka kwenye umbo.

Na habari yenyewe ni hii. Umbo hilo lilikuwa limeunganishwa na maungio kuzibwa kwa plasta. Ulipofika wakati wa kulipeleka kiwandani likasubiwe, fundi aliyeyajua maungio alidai malipo makubwa zaidi ndipo alifungue. Philip Reid, mtumwa wa Clark Mills aliyefanya kazi katika kiwanda chake cha kusubu, akafunga kapi na kamba kichwani pa umbo, likavutwa juu kidogo kidogo mpaka nyufa za maungio zikajitokeza. Kumbukumbu za malipo zinaonyesha kwamba Reid alilipwa dola 1.25 kwa siku kwa kuchochea moto wa kalibu siku za Jumapili: Jumapili 33, jumla dola 41.25. Ujira wa siku nyingine sita ulikwenda kwa Mills, bwana wake. Sheria ya kukomesha utumwa mjini Washington ilipita Aprili 1862, na kipande cha mwisho cha sanamu kiliwekwa tarehe 2 Desemba 1863, Reid akiwa tayari mtu huru. Zitaje hizo dola na senti, maana mgeni atasahau tarehe lakini hesabu ya Jumapili haimtoki.

Kutoka hapo mnapanda kwenda Rotunda, ukumbi wa duara ulio chini ya kuba, na hapa ndipo visikilizio vya masikioni huwaponza waongozaji. Ni kweli vinakuwezesha kusema polepole bila kushindana na mwangwi, lakini mgeni aliye bado kwenye ngazi anakusikia vizuri kama aliye mbele yako. Ukisema “tazameni hiki hapa”, nusu ya kundi inatazama ukuta wa korido. Subiri wa mwisho aingie, kisha kitaje kitu kwa jina na mahali: mchoro mkubwa kushoto kwa mlango, sanamu nyeupe yenye joho. Usisimame katikati ya ukumbi, kila kundi linapagombea. Sogea pembeni, geuza mgongo kwa ukuta, uso kwa watu.

Wape nafasi ya kutazama juu kabla hujafungua mdomo. Kutoka sakafuni hadi mchoro wa msanii Constantino Brumidi ulio juu ndani ya kuba ni kama mita 55, ndiyo maana watu aliowachora mwaka 1865 wana urefu wa hadi mita 4.6. Usiwaweke wameinua shingo muda mrefu, wazee hupata kizunguzungu. Wakishusha macho, eleza kuba: la zamani lilikuwa la mbao lililofunikwa shaba, na hili la sasa ni la chuma cha kusubu, lenye uzito wa takriban tani 4,000.

Ukumbi wa Sanamu ulikuwa ukumbi wa Baraza la Wawakilishi hadi mwaka 1857. Swali la kwanza huwa: mbona sanamu za jimbo langu hazimo? Sheria ya 1864 iliruhusu kila jimbo kuleta mbili, zikajaa, na mwaka 1933 zikaanza kusambazwa sehemu nyingine za jengo kwa sababu sakafu ilikuwa imeelemewa. Kabla ya zamu yako, hakikisha unajua sanamu za majimbo ya wageni wako ziko wapi siku hiyo, kwani huhamishwa na wakati mwingine hubadilishwa.

Halafu kuna mnong'ono. Dari lililopinda hurudisha sauti, hivyo neno lililonong'onwa upande mmoja husikika upande wa pili. Jaribio hili halifai ukumbi ukiwa na makundi matatu, liache. Husimuliwa kwamba John Quincy Adams, rais wa zamani aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, alijifanya amelala mezani ili awadukue wapinzani wake. Isimulie ukitaka, lakini iite simulizi, na ukumbushe kwamba dari la enzi zake lilikuwa la mbao, likabadilishwa mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo mwangwi wa leo si lazima uwe ule wa wakati wake. Lililo na uhakika ni kwamba alianguka kwenye meza yake humo tarehe 21 Februari 1848, akafa siku mbili baadaye katika chumba cha Spika. Kibao kidogo sakafuni kinaonyesha mahali ilipokuwa meza.

La mwisho: kumbi za vikao za Baraza la Wawakilishi na Seneti hazimo katika ziara hii. Anayetaka kuketi kwenye roshani zake kutazama vikao anahitaji kibali cha pekee. Liseme hilo mwanzoni kabisa, la sivyo utalijibu mara kumi njiani, na watu watatoka wamenuna.