Bima ya afya kwa wote: laki na nusu mkulima wa Tabora anaitoa wapi mwezi wa kwanza?

SHIJA: Haya wasikilizaji wetu mwangaluka, tupo Tabora mjini hapa, mimi Shija na mtangazaji mwenzangu dada Mwaju kama kawaida, huo mlio mnaosikia huko nyuma ni mvua kwenye bati msihangaike na simu zenu. Leo ni bima ya afya kwa wote, na niseme mapema kabisa kwamba mimi na dada hatujakubaliana, tumebishana tangu jana usiku.

MWAJU: Tumebishana kweli. Mi nasema bei imewazidi watu wetu, we unasema watu wanaweza.

SHIJA: Wanaweza dada. Bei ni laki na nusu kwa kaya ya watu sita, kwa mwaka mzima, ukigawa ni 25,000 kwa kichwa. Kwa siku nyumba nzima haifiki hata 500. Na tukumbuke tulikotoka, ule muswada wa 2022 bei iliyokuwa inatajwa ni laki tatu na arobaini kwa kaya na 84,000 kwa mtu mmoja, halafu kulikuwa na vile vipengele vya kwamba kama huna bima hupati leseni ya udereva, leseni ya biashara, watu wakapiga kelele nchi nzima mpaka ukarudishwa ukafanyiwe kazi upya. Ulipopita bungeni Novemba 2023 ulikuwa umeshabadilika. Kwaiyo kelele za watu zilisikika.

MWAJU: Hapo kwenye 500 kwa siku ndo panaponiuma, maana hesabu hiyo ni ya mtu anayeshika hela kila siku. Mwenye genge sawa, bodaboda sawa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hashiki hela kila siku kaka. Anaishika mara moja kwa mwaka, soko likifunguka, tena inapitia chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, wanakata mkopo wa pembejeo kwanza, kinachobaki ndo anaenda nacho nyumbani. Sasa mfuate mwezi wa kwanza huyo mtu mwambie laki na nusu. Mwezi wa kwanza ada, sare, palizi, na ghalani mahindi yameisha anakula ya kununua. Hata ungemwambia elfu 60 angekuangalia tu.

SHIJA: Sasa hiyo sio bei, hiyo ni tarehe ya kulipa.

MWAJU: Kwa mtu asiye na hela siku hiyo ni kitu kimoja.

SHIJA: Hapo nakuelewa. Lakini dada, mimi hii kitu sio ya kusoma, imenipitia. Mdogo wangu alipata ajali ya pikipiki, mguu ulivunjika juu hapa pajani, sitaitaja hospitali, nililala kwenye benchi siku tisa. Kila asubuhi naletewa karatasi, kipimo hiki, dawa hii, vyuma hivi, na mi nashika simu napiga kwa shangazi, kwa mjomba, kwa watu ambao sijawasalimia miaka. Tuliuza ng'ombe wawili waliokuwa wa mahari yake huyohuyo mdogo wangu, na waliuzwa kwa bei ya hasara kwa sababu mnunuzi alishajua tuna mgonjwa. Kwaiyo mtu akiniambia laki na nusu ni nyingi, mi nawaona wale ng'ombe wanavyopakiwa kwenye gari.

MWAJU: Pole sana kaka. Sikuwahi kuijua hiyo ya mnunuzi.

SHIJA: Alijua kabisa. Na ndo maana nasema bima ni kama kikundi cha kufa na kuzikana, hakuna anayesubiri afiwe ndo aanze kuchanga. Unachanga ukiwa mzima, msiba ukija wenzio wanakubeba. Tatizo letu mtu anakata bima akishaanza kuumwa, sasa mfuko ukijaa wagonjwa watupu hela itatoka wapi, si utakufa.

MWAJU: Sawa, tukae hapohapo kwenye kufa na kuzikana, umenipeleka mwenyewe. Mimi nipo kwenye kikundi mwaka wa saba. Kwa nini nachanga bila kusukumwa? Kwa sababu nimeona. Alipofariki baba wa jirani, kabla ya saa sita sanda imefika, turubai limefungwa, masufuria yapo, mchele umeletwa, nimeshika kwa mikono yangu. Siku kikundi kikishindwa kuleta sanda, nani atachanga tena wiki inayofuata?

SHIJA: Hakuna.

MWAJU: Basi ngoja nikusimulie ya mama. Mama yuko kijijini upande wa Uyui. Ilipokuja ile CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, elfu 30 kwa watu sita, mwandikishaji alikuja na simu yake akawapiga picha mmoja mmoja kwenye ukuta wa nyumba, mjukuu mmoja alikuwa amelala ikabidi ashikwe kichwa ndo apigwe. Mama alifurahi, aliuza karanga akalipa. Ana presha yule. Kaenda zahanati, kapimwa vizuri, kaandikiwa dawa, dirishani akaambiwa hizi hatuna mama kanunue dukani. Akanunua. Mwezi uliofuata hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Ile kadi ipo mpaka leo, kaifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha mpiga kura kaweka chini ya godoro, na hakulipia tena. Sasa mtu akija kuniambia mama yangu haelewi maana ya bima! Mama anaelewa bima kuliko hao wanaokuja na vipaza sauti, alichanga na sanda haikuja.

SHIJA: Dah. Hiyo siwezi kuibishia dada.

MWAJU: Na ndo inauma zaidi kwa sababu hiyo CHF imezaliwa kwetu hapa.

SHIJA: Kweli kabisa, vijana wengi hawajui. Ilianzia Igunga, mwaka 1996, ndo wilaya ya kwanza ya majaribio nchi nzima. Kaya ilikuwa inachanga 5,000, na kuna ule utaratibu wa tele kwa tele, wananchi mkichanga serikali nayo inaongeza kiasi kilekile. Sheria yake ikaja 2001, ikasambaa mikoa mingine. Ila watu wengi walikuwa wanalipa mwaka wa kwanza harafu hawarudi, na sababu kubwa ni hiyohiyo ya mama, dawa.

MWAJU: Miaka yote hiyo na bado tunaongelea dirisha la dawa. Halafu leo bei inatoka elfu 30 kwenda laki na nusu, mara tano.

SHIJA: Lakini na kifurushi kimepanuka, tuwe wakweli. Elfu 30 haiwezi kumtibu mtu pajani kama mdogo wangu. Bei ndogo nayo ndo inafanya dawa ziishe, hela ya kununulia inatoka wapi? Mnachanga kidogo, dirisha linakauka, watu wanakimbia, mfuko unazidi kukauka. Kuna mahali lazima pakatwe huo mzunguko.

MWAJU: Sikatai, ila wa kuanza awe dirisha, sio mama yangu.

SHIJA: Na wasio na uwezo sheria imesema watalipiwa, kuna vyanzo vimetajwa, kodi za soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha.

MWAJU: Maskini kabisa sawa, hao wana majina yao kwenye orodha. Mi namuwazia yule wa katikati, ana bati, ana baiskeli, ana kuku watano, kwenye orodha hayumo kwa sababu ana bati, na laki na nusu hana. Huyo ndo wengi Tabora hii. Na Kenya walivyobadilisha mfuko wao 2024 ugomvi ukaja hapohapo, mwenye mshahara anakatwa asilimia yake kimyakimya, asiye na mshahara utampimaje?

SHIJA: Mi ningesema walipe kwa awamu, na kwa wa tumbaku ikatwe palepale chama cha msingi siku ya malipo, kama wanavyokata mbolea.

MWAJU: Ikatwe kwa hiari yake lakini, maana yale makato nayo... we unajua wakulima wanavyolalamikia makato. Kila anayekuja anakuja na makato.

SHIJA: Kwa hiari, aandikwe mwenyewe kabla ya msimu. Sasa mama utamfanyaje mwaka huu?

MWAJU: Nitamlipia. Nimekaa nimewaza, karanga zikitoka nachanga na wadogo zangu, kila mtu elfu 50, tupo watatu. Siwezi kumwacha na presha ile nikasubiri nchi ikae sawa.

SHIJA: Na dirishani je?

MWAJU: Nitakwenda naye mwenyewe, nimshike mkono mpaka dirishani. Atakachoambiwa nitakuja kukisema hapahapa, na karatasi nitakuja nayo.