Karafuu Kabla ya Kristo

GODI: Haya, karibuni tena. Leo ni magemu ya mikakati na somo la historia, na safari hii nimekuja na orodha. Mambo matano ya kumtoa mtu kwenye gemu na kumfikisha kwenye kitabu. Mwalimu, nakuomba tuimalize.

ZUHURA: Tutaimaliza. Ila kwanza nina la Jumatano. Klabu ya historia, kidato cha tatu, binti mmoja kaniuliza, "Mwalimu, karafuu zilifika lini Zanzibar?" Nikamjibu, mwanzoni mwa karne ya 19. Akasema, "Mbona mimi nimezipata kabla ya Kristo?"

GODI: Huyo anacheza Civilization VI.

ZUHURA: Ndiyo hiyo hiyo. Waeleze wasiolijua.

GODI: Gemu linaanza mwaka 4000 KK. Unaongoza taifa moja, wapinzani wako wana yao, na katikati yenu kuna miji-dola ambayo haichezwi na mtu. Unaipelekea wajumbe. Ukifikisha wajumbe watatu na ukawazidi wenzako wote, unakuwa mlezi wa mji ule na unapata zawadi yake. Zanzibar ni mmoja wa miji hiyo. Zawadi yake ni bidhaa mbili za anasa, karafuu na mdalasini, na huwezi kuzipata kwa njia nyingine yoyote. Sasa, anasa ya kawaida inaridhisha miji 4. Hizi za Zanzibar, kila moja inaridhisha miji 6.

ZUHURA: Kwa hiyo anayejua kucheza anaikimbilia.

GODI: Lazima aikimbilie, hasa akishafikisha miji kumi na kitu, wananchi wameanza kunung'unika na uzalishaji unashuka. Na kwa kuwa wajumbe wa mwanzo ni wachache, wengi wanaopeleka mmoja mmoja kila mji wanajikuta hawana mji hata mmoja. Wote wapeleke Zanzibar kwanza, halafu ndiyo uangalie pengine. Haya, jambo la kwanza kwenye orodha...

ZUHURA: Ngoja kwanza, karafuu hazijaisha. Asili ya mkarafuu ni Maluku, visiwa vya mashariki mwa Indonesia: Ternate, Tidore, Makian na jirani zake. Kwa karne nyingi hakuna kwingine duniani ulikoota. Karne ya 17 Waholanzi, kupitia VOC, ile kampuni yao ya biashara ya India Mashariki, wakaanza kung'oa mikarafuu ya visiwa vingine na kuibakiza kisiwa cha Ambon na maeneo ya karibu, ili karafuu isizagae na bei isianguke. Mfaransa Pierre Poivre akafanikiwa kupata miche mwaka 1770, ikapandwa Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Ikaenda na Réunion. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ndiyo mkarafuu ukaja Unguja, kisha Pemba.

GODI: Sasa unaona? Kosa dogo la gemu limetufikisha Ambon na Mauritius, na bado hatujafungua kitabu. Hoja yangu ya leo ni hiyo. Gemu halimfundishi mtu historia, linampa swali ambalo hawezi kulala nalo.

ZUHURA: Swali amelipata, sikatai. Ila tazama gemu lilivyomjibu kabla hajauliza. Limemwambia karafuu ni kitu kilichopo tu pale, zawadi ya mji, unaichukua na watu wako wanafurahi. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyechuma.

GODI: Ni kisanduku kimoja cha maelezo, Mwalimu. Kingeingia nini?

ZUHURA: Kazi. Mkarafuu unakaa miaka sita, saba, nane kabla ya kutoa mavuno ya maana. Mti ni mrefu na matawi yake ni dhaifu. Ukivuta vibaya tawi likakatika, umeshaharibu mavuno ya msimu ujao. Unachuma kichwa cha ua kabla hakijafunguka, pale kijani kinapoanza kugeuka wekundu. Likishafunguka, thamani imepotea. Kikonyo kinachumwa pamoja na vichwa vyake, kwa hiyo jioni watu wanakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Makonyo nayo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta. Kesho yake unaanika kwenye majamvi, siku nne, tano, sita, kutegemea jua, na mawingu yakitanda kila mtu anakimbia kuanua. Ukirundika karafuu mbichi usiku kucha bila kuzitandaza, zinapata joto, zinavunda, na zikikauka zinatoka zimesinyaa na kupauka. Na kilo tatu mbichi zinabaki kama kilo moja kavu.

GODI: Hapo Pemba imesema.

ZUHURA: Pemba imesema na haijamaliza. Seyyid Said alipoamua kwamba Zanzibar itaishi kwa karafuu, aliwaagiza wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyefanya hivyo alitishiwa kunyang'anywa shamba. Mikono ya kufanya yote niliyoyataja ilitoka wapi? Ni watumwa. Watu waliokamatwa bara, wengi upande wa Ziwa Nyasa, wakateremshwa mpaka Kilwa Kivinje, wakavushwa. Ukitaka kuelewa kwa nini biashara ya watumwa pwani hii ilipanda kiasi kile katika karne ya 19, huwezi kuikwepa karafuu. Halafu gemu linaandika karafuu ni furaha ya miji 6.

GODI: Hilo ni zito na nakubali ni zito. Lakini binti yule sasa atalijua kwa sababu aliuliza.

ZUHURA: Atalijua kwa sababu Jumatano kulikuwa na mtu wa kumjibu.

GODI: Haya. Kwa wasikilizaji, tuongeze 1872 kabla sijarudi kwenye orodha, maana hapo mtu anaona uchumi wa zao moja unavyoumia.

ZUHURA: Kimbunga cha Aprili 1872. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash akabanwa na Waingereza mpaka akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Yaani miti imelala chini, wenye mashamba wana madeni, na wafanyakazi wa kulazimishwa hawaletwi tena kwa bahari kihalali. Mwaka mmoja na kidogo tu umepita kati ya hayo. Mwanafunzi akiyaweka mawili hayo kwenye mstari mmoja wa wakati, anaanza kuuliza maswali ya mwanahistoria.

GODI: Sawa kabisa. Sasa orodha. Jambo la kwanza, Kilwa. Kwenye gemu jingine la mikakati, Europa Universalis IV, unaweza kuchukua Kilwa yenyewe na kuitawala. Gemu linaanza tarehe 11 Novemba 1444, siku moja baada ya vita vya Varna kule Bulgaria, na linakwenda mpaka 1821. Nani mwingine anakupa Kilwa ya 1444 mkononi na kukwambia, haya, Wareno wanakuja, jipange? Mtu akicheza hapo miaka sitini ya gemu, akamwona Mreno anatokea kusini, ataitafuta 1505 mwenyewe. Atamkuta Francisco de Almeida, kamanda wa meli za Wareno, atakuta Kilwa imevamiwa Julai mwaka huo, na Mombasa mwezi uliofuata.

ZUHURA: Na dhahabu je?

GODI: Dhahabu iko bara, kwenye ufalme wa Mutapa. Kila mwongozo wa wachezaji unakwambia uiwahi. Ila kuna mitego miwili. Mapato ya dhahabu yanakuongezea mfumuko wa bei kila mwaka, usipoushughulikia kila kitu kinakuwa ghali. Na ukipandisha maendeleo ya uzalishaji ya mkoa wenye mgodi kupita 10, mgodi unaweza kukauka. Wengi hawajui hilo, wanamwaga pointi pale, mgodi unakufa.

ZUHURA: Na unaipataje hiyo dhahabu ya Mutapa?

GODI: Unaiteka.

ZUHURA: Basi hapo ndipo tunapoachana. Kilwa haikuwahi kuiteka nchi ya dhahabu. Ilishika Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ilishika bandari, ikatoza ushuru kwa kinachopita. Dhahabu ilishuka kutoka nyanda za juu za Zimbabwe kwa mikono ya watu wa kule, ikabadilishwa kwa nguo na shanga. Werevu wote wa Kilwa ulikuwa kukaa mlangoni bila kumiliki nyumba. Gemu linamfundisha mchezaji kinyume chake, na linamlipa kwa kufanya kinyume chake.

GODI: Linamruhusu. Halimlazimishi.

ZUHURA: Linamlazimisha kwa hesabu. Chukua biashara ya kwenye gemu. Dunia nzima imegawanywa vituo, na kati ya vituo kuna mishale. Mshale hauwezi kugeuzwa. Mali inateremka upande mmoja tu, na mwisho wa mito yote ni vituo vitatu: Venice, Genoa na English Channel. Wewe wa kituo cha Zanzibar unaweza kukusanya chako hapo kwako, unaweza kuweka meli nyepesi zivute sehemu yako, mfanyabiashara wako anaweza kusukuma mali ya juu ya mkondo ikufikie. Lakini huwezi kuipeleka pembe yako ya ndovu Gujarati. Bahari ya Hindi ambayo jahazi liliteremka na kaskazi, Desemba mpaka Machi, likarudi na kusi, haimo. Mwaka 1444 mishale inaelekea Ulaya, na hakuna Mreno aliyezunguka Rasi ya Tumaini Jema bado.

GODI: Watengenezaji wenyewe wanajua hilo ni udhaifu, wachezaji wamelilalamikia miaka yote. Na ninakurudishia hoja yako: umelijuaje kwamba mishale ni ya uongo? Kwa sababu unaijua kaskazi na kusi. Mchezaji atakayesoma ataijua pia, na akiijua hatalitazama gemu vile vile tena. Na gemu lenyewe linasahihishwa. Toleo la 2013 nchi za Maziwa Makuu zilikuwa eneo lisilopitika, kama jangwa. Baadaye wakaingiza Buganda, Rwanda, Burundi. Mtu wa Kigali leo anaanza na nchi yake.

ZUHURA: Anaanza na nchi yake kwenye kanuni zile zile. Mkoa usio na dola kwenye ramani unaitwa wazi, ukiwa na wenyeji walioandikwa kwa namba, pamoja na ukali wao. Unapeleka walowezi, wakifika 1000 unakuwa mji wako. Kuna hata kitufe cha kuwashambulia wenyeji ili wasikusumbue. Mchezaji anakibonyeza mara mia. Godi, tarehe yenye kosa nitaisahihisha kwa dakika moja darasani. Kanuni ambayo mkono umeifanya mara mia siisahihishi kwa dakika moja.

GODI: Mimi nasema mkono unajua kwamba ni gemu. Watu wanacheza bao maisha yao yote, hawaendi kula kete za jirani.

ZUHURA: Bao halina ramani ya Kilwa.

GODI: Bado sikubali. Watoto wangapi wanaifungua ramani ya Afrika ya 1444 kwa hiari yao, saa mbili, bila mtihani? Hicho kitabu cha kiada hakijawahi kufanya. Wanajua Songhai iko wapi, wanajua Adal, wanajua hata Vijayanagara ya India. Hilo si dogo.

ZUHURA: Si dogo. Wanajua ziko wapi na wanajua zinatekwa kwa mpangilio upi. La pili ndilo linalonikosesha raha, na hujanijibu.

GODI: Nimekujibu, hujaridhika.

ZUHURA: Sijaridhika.

GODI: Haya, fundi ananionyesha vidole, tuna dakika tatu. Muda hautoshi kwa yote matano. Nitoe moja tu, lile la kusoma vyanzo viwili pamoja. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Alichoandika kuhusu Kilwa ni kifupi, unakimaliza kwa kikao kimoja. Anausifu mji, halafu anasema nyumba ni za miti na zimeezekwa kwa majani. Anamtaja sultani, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu wake.

ZUHURA: Sultani huyo huyo anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, la mawe ya matumbawe, na magofu yake yapo mpaka leo. Hapo mwanafunzi aandike pembeni: mgeni aliona nini, na hakupelekwa wapi?

GODI: Chanzo cha pili ni tarikh ya Kilwa, yaani historia ya masultani wake iliyoandikwa zamani. Imetufikia kwa njia mbili. Ya Kiarabu, nakala aliyopewa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, na Sultani Barghash, iko London. Na ya Kireno, muhtasari ndani ya kazi ya mwanahistoria João de Barros, iliyochapishwa 1552. Chora safu mbili kwenye daftari, kushoto Kiarabu, kulia Kireno. Andika majina ya masultani kwa mfuatano wa kila upande, na pale yasipolingana piga duara. Usilazimishe yalingane.

ZUHURA: Na safu ya tatu, gemu linasema nini.

GODI: Umekubali gemu liingie kwenye daftari?

ZUHURA: Liingie safu ya tatu, libanwe na hizo mbili. Wasiianze hiyo kwanza.

GODI: Mimi nasema waianze hiyo kwanza. Muda umekwisha, jamani. Matatu yaliyobaki yatasubiri wiki ijayo, Mwalimu akipenda.

ZUHURA: Wiki ijayo sijamaliza mdalasini. Kwaherini.